Dakika za Kimya Njiani Kwenda Kitahana

Cheti changu cha kidato cha nne nilikipata nikiwa na mvi tatu kichwani. Watu huwa nawaambia zilikuwa mia tatu, na kwamba msimamizi wa mtihani aliniamkia shikamoo akidhani mimi ni mkaguzi kutoka wizarani. La shikamoo ni kweli. La mkaguzi nimeliongeza. Ndivyo nilivyo tangu utotoni: nikikamata panzi porini, nikifika nyumbani ameshakuwa kwale. Mama alikuwa akinisikiliza mpaka mwisho, kisha anauliza taratibu, "Na tukitoa chumvi, kimebaki nini?"

Nalisema hili mapema kwa sababu katika habari hii kuna namba moja niliyoitia chumvi, na ile chumvi alikuja kuila mama.

Mchana nilikuwa fundi baiskeli Kasulu mjini. Jioni nilikuwa mwanafunzi. Darasa letu lilikuwa chumba cha shule ya msingi tulichoazimwa watoto wakishakwenda kwao, na madawati yalikuwa ya watoto wa darasa la pili, kiasi kwamba ukikaa magoti yanagusa masikio. Tulikuwa wauza dagaa, mafundi cherehani, askari mgambo mmoja, na mfanyabiashara mmoja wa maharage ambaye atarudi baadaye katika habari hii akiwa dereva. Mwalimu wetu wa fizikia alikuwa mkulima wa tangawizi. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi zamani, lakini yeye alikuwa Mtanzania kwa hati na kwa kelele za mpira.

Siku moja mwalimu huyo aliingia na muhogo uliochomwa majivuni. Akauweka mezani, mweusi kama kipande cha mkaa, akaukata kwa kisu. Ndani ulikuwa mweupe, unatoa mvuke.

"Nani ameungua hapa?" akauliza.

"Ganda," tukasema.

"Nani amepona?"

"Wa ndani."

"Basi mmeshajua jinsi watu wanavyorudi kutoka angani. Yaliyobaki ni hesabu tu."

Yaliyobaki hayakuwa hesabu tu, yalikuwa mambo ya kumtoa mtu usingizini hata baada ya kutwa nzima ya kuziba pancha. Chombo kinachobeba watu, alisema, kikiwa kinaizunguka dunia kinakwenda zaidi ya kilometa elfu ishirini na saba kwa saa. Kutoka Kasulu mpaka Kibondo ungefika kabla hujamaliza kupiga chafya ya tatu. Sasa mwendo huo wote lazima uuache huko huko juu kabla ya kugusa chini, na breki hakuna. Breki ni hewa. Kinageuzwa, kinatanguliza kitako chake kipana kama cha chungu, kinajitupa kwenye hewa. Hewa iliyo mbele haipati nafasi ya kukimbia, inabanwa, na hewa ikibanwa inawaka joto.

"Wewe fundi," akaninyooshea kidole, "pampu yako ukiipiga sana, chini inakuwaje?"

"Inaunguza, mwalimu."

"Ndiyo hiyo hiyo."

Nilipigwa na butwaa. Miaka kumi na mbili nilikuwa nimeshika pampu ile nikilaani joto lake, kumbe nilikuwa nimeshika mlango wa mbinguni. Kile kitako cha chombo, akaendelea, kimepakwa kitu ambacho kazi yake ni kuungua. Kinaungua, kinamomonyoka, na kila kipande kinachomomonyoka kinaondoka na joto lake. Ngao inakufa ili wa ndani wabaki. Na pembe ya kuingia ni moja, nyembamba: ukija wima mno, unaungua na kupondwa, ukija bapa mno, unaruka kama jiwe bapa lililotupwa juu ya maji, unapotea tena huko ulikotoka. Halafu miavuli, midogo kwanza kukituliza chombo kisiyumbe, kisha mikubwa. Mikubwa ikitangulia, inachanika.

Mtu wa kwanza kumsimulia alikuwa baba.

Baba hakusoma, lakini alikuwa na kazi yake ya kisayansi. Alikuwa kiongozi wa watu wa machela kilimani kwetu Kitahana, ile machela ya mianzi ambayo wazee huiita ingobyi. Enzi hizo pikipiki hazijafika, mtu akizidiwa alibebwa mabegani na wanaume wanne, wanne wengine wakifuata kusubiri zamu, mpaka Kibondo hospitali. Kwenda, baba alisema, ni kazi ya mabega. Kurudi ni kazi ya kichwa. Unarudi na mtu aliyepata nafuu, miguu yako inataka kukimbia kwa furaha, na mteremko nao unakuita. Ukiiachia, unamrusha mgonjwa kama maharage kwenye ungo. Kwa hiyo kila mteremko, wanaume wawili walishika kamba iliyofungwa nyuma ya machela, wakavuta kinyume.

Tena kulikuwa na ukelele. Machela ikirudi, ikifika kwenye mgongo wa mwisho wa kilima ambapo nyumba ya mgonjwa inaonekana, kiongozi alisimama akapaza sauti kwa Kiha neno ambalo kwa Kiswahili ni "Anapumua!" Na kutoka nyumbani, mke au mama wa mgonjwa alijibu, "Mleteni!" Ndipo machela iliposhuka. Kama mgonjwa amefia njiani, hakuna aliyepaza sauti. Machela ilivuka mgongo wa kilima kimya, na wanawake wakiiona inashuka kimya walijifunga kanga viunoni wakaanza kulia kabla haijafika. Hakutumwa mtu kuleta habari. Kimya ndicho kilichokuwa habari.

Sauti ya baba, mimi huwa nasema ilifika Burundi na walinzi wa mpaka wakasimama wima. Ukitoa chumvi, ilivuka bonde.

Nilipomsimulia habari ya chombo, alikuwa anachonga mpini wa jembe. Aliacha kuchonga.

"Hiyo miavuli midogo," akasema, "ndiyo wanaume wa kamba."

"Ndiyo wao, baba."

"Na wakishafika chini, wanatoka wenyewe?"

"Hawawezi. Wamekaa juu miezi, miguu imesahau uzito. Wanatolewa wakishikwa, wengine wanalazwa kwenye machela."

Alicheka mpaka mpini ukaanguka. "Machela! Wamekwenda kwa moto wa kutisha dunia nzima, wanarudi kwa mabega ya watu!" Tangu siku hiyo, kila nilipokwenda Kitahana aliniuliza kuhusu hao watu kama anavyouliza mtu habari za wakwe. Wamekwenda wangapi? Wamerudi?

Kisha moyo wake ukachoka. Daktari alisema umetanuka. Miguu ikavimba, pumzi ikawa fupi, usiku akawa analala ameketi. Nikamchukua mpaka hospitalini, upande wa Kabanga, karibu na kwangu Kasulu, akakaa huko wiki sita. Mama hakuja hata mara moja. Si kwamba hakutaka. Magoti yake yalikuwa yameharibika kiasi kwamba kutoka kitandani hadi mlangoni ilikuwa safari, na gari lilimuumiza mpaka akatapika. Wiki sita waliongea kwa simu, kila siku jioni. Walikuwa hawajawahi kutengana hata wiki mbili tangu waoane, na baba alikuwa na jambo moja tu alilolitaka. Alilisema kwa daktari, kwa wauguzi, kwa mgonjwa wa kitanda cha pili, kwangu: alitaka kurudi nyumbani akiwa hai, avuke ule mgongo wa kilima na kupiga ukelele wake mwenyewe, na mama amjibu.

"Nimewarudisha watu wangapi?" aliniuliza. "Sijawahi kumpigia mke wangu ukelele. Siku zote nimewapigia wake za watu."

Wiki ya tano kulikuwa na chombo kinarudi. Nilikuwa nimenunua bando la kutosha kumrudisha huyo rubani mimi mwenyewe. Ilikuwa saa kumi jioni. Niliegemeza simu kwenye chupa ya chai na wodi nzima ya wanaume ikasogea, wenye mabomba ya dripu na mabomba yao. Kulikuwa na Mkongo mmoja kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mguu wake umefungwa plasta, akashuka kitandani kwa mikono.

"Mungu wangu, ile kitu inawaka!" akasema. "Na batu beko ndani?"

"Wanne," nikasema.

Ndipo sauti zikakatika. Mtangazaji akaeleza kwamba moto umekizunguka chombo na redio haipenyi. Baba alinishika mkono, na vidole vyake vilivyovimba vilikuwa vizito kama ndizi mbichi. Hakuna aliyekohoa, na ile ilikuwa wodi ya watu wanaokohoa. Nilihesabu dakika kwenye simu. Kisha sauti ikaja, yenye mikwaruzo, mtu anasema jambo la kawaida kabisa, kama mtu anayebisha hodi.

"Anapumua!" baba akapaza sauti, kwa pumzi ndogo aliyokuwa nayo.

Wenyeji wa wodi ile, Waha wa milimani, walijua la kujibu. "Mleteni!" Muuguzi alikuja mbio akidhani kuna mtu amekufa.

Jioni ile ile nilimpigia mama simu nimsimulie. Nilimweleza moto, ngao, miavuli minne mikubwa kama viwanja vya mpira.

"Kuna muda wanakuwa kimya, mama. Hawasikiki kabisa."

"Kimya?" Neno hilo kwake lilikuwa na uzito wake.

"Kimya. Moto umewazunguka, sauti haipiti. Lakini si kwamba wamekufa. Wako ndani, wanakuja."

"Muda gani?"

Zilikuwa dakika kama sita. Nilikuwa nimezihesabu. Lakini sita ni namba nyembamba, haina nyama. "Saa nzima, mama!" nikasema. "Mara nyingine hata mbili! Watu huko wanazimia kwa kusubiri!"

"Saa mbili bila sauti, na wanarudi?"

"Wanarudi wakicheka."

Mama akasema, "Kumbe." Hakuniuliza habari ya chumvi. Nadhani alitaka iwe kweli.

Baba alikuwa amesikia. "Mpunguzie mama yako," akasema.

"Nampambia tu hadithi, baba."

"Hadithi ipambe. Kimya usikipambe."

Nilicheka. Nakumbuka vizuri kwamba nilicheka.

Wiki ya sita daktari aliniita pembeni. Alikuwa mwanamke mpole, mwenye kusema maneno machache. Dawa zile, alisema, anaweza kuzinywa hata nyumbani, na hapa hospitalini hakuna tena la kumwongezea. Kama anataka kwenda kwake, aende sasa. Asilazwe chali, aketi kwa mito, mwende polepole, mpumzike njiani. Nilimwelewa. Aliona kwamba nimeelewa, akanigusa bega.

Yule mwenzangu wa darasa la jioni, muuza maharage, alikuwa na gari aina ya Noah. Alikuwa amefeli fizikia mara mbili na siku zote aliendesha gari kama mtu aliyefeli fizikia. Siku ile aliendesha kama amebeba mayai ya tai. Baba tulimkalisha kiti cha kati, mito miwili nyuma, mmoja ubavuni, amevaa koti lake la kanisani, mimi pembeni yake nimeshika chupa ya maji. Ilikuwa kiangazi, vumbi jekundu limepaka migomba ya kando ya barabara mpaka huijui rangi yake.

"Rubani," baba akamwita dereva. "Pembe yako ikoje?"

"Mimi tena, mzee? Mimi sina mapembe."

"Ndiyo maana ulifeli," baba akasema, na akacheka mpaka akakohoa, na mimi nikamshika kifua mpaka pumzi ikarudi.

Kabla ya kufika daraja la Malagarasi, mtandao ukiwa bado upo, alitaka kuongea na mama. Nikamwekea simu sikioni, sauti ya juu. Ilikuwa saa saba kamili mchana.

"Nakuja," baba akasema. "Uliandae jibu lako."

"Jibu langu halijawahi kuchelewa," mama akasema. "Mchelewaji ni wewe. Wiki sita!"

"Hapa mbele mtandao unakatika."

"Najua. Kimya. Nimeshaelezwa na msomi wako."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yao ya mwisho, utani.

Tulipovuka daraja na kupanda upande wa pili, baba aliomba tusimame. Dereva alikuwa na kiti cha plastiki nyuma, kile anachokalia kwenye mnada wa maharage. Tukakiweka kando ya barabara, tukamtoa baba kwa kumshika huku na huku, kama wale wa chombo. Alitaka viatu avuliwe. Nikamvua, nikamvua na soksi, na nyayo zake zilizovimba zikakaa juu ya vumbi zikaacha alama mbili pana. Akazitazama kama amezichora yeye.

"Tumeshaingia kwetu," akasema. "Naisikia kwenye nyayo."

"Bado mbali kidogo, mzee," dereva akasema.

"Wewe hujui ardhi, unajua gunia." Kisha akanigeukia. "Ngoja niijaribu. Isije ikagoma kule juu."

Akakaa wima, akavuta pumzi mara tatu kuipata moja, akasema, "Anapumua." Haikufika hata ng'ambo ya barabara. Kulikuwa na mbuzi wawili mtaroni, hawakuinua hata vichwa. Baba alitabasamu kwa aibu, kama mtoto aliyeimba vibaya kanisani.

"Itatosha," nikamwambia. "Mimi nitaibeba. Wewe utaianza, mimi nitaipeleka mpaka nyumbani."

"Usiitie chumvi lakini."

"Siitii, baba."

Tukamrudisha garini. Nusu saa baadaye hivi, nilidhani amesinzia. Kichwa kilikuwa kimeegemea mto, mdomo wazi kidogo. Nikamwekea chupa ya maji, hakuipokea. Nikaweka mkono kifuani, chini ya koti. Nikaangalia saa kwenye simu. Nikasubiri. Nilijua ninachokisubiri, na nilijua ni ujinga, lakini nilihesabu dakika sita kamili, mkono wangu kifuani kwake, gari likienda, nikisikiliza kama wodi ile ilivyosikiliza.

"Simamisha," nikamwambia dereva.

Alisimamisha, akageuka, akatazama, akavua kofia. Baada ya muda akasema, "Turudi Kabanga?"

"Kufanya nini?"

Tukakaa hapo, mlango wazi, upepo ukituletea vumbi. Nilimfumba baba macho. Nilimrudishia viatu, sijui kwa nini, nilitaka afike amevaa viatu. Tulipoondoka tena na kukaribia makazi ya watu, simu ikaanza kutoa mlio wa meseji. Mtandao ulikuwa umerudi, alama nne zimejaa. Najua nilipaswa kufanya nini. Kidole changu kilikuwa juu ya namba ya mama. Mimi, mtu wa maneno elfu kumi kwa siku, sikuwa na moja la kumwambia. Nikaizima simu. Mama akipiga, aambiwe haipatikani. Nilijiambia kwamba habari kama hii haisemwi kwa simu, na huenda ni kweli. Lakini niliizima kwa woga.

Tulipanda njia ya kuingia Kitahana mpaka mgongo wa kilima. Dereva akazima injini. Naye ni mtoto wa milima hiyo, alijua tulipo. Kule chini nililiona bati letu, migomba, na watu wamekaa uwanjani, kanga za rangi mbalimbali.

"Kaka," akasema kwa sauti ndogo, "piga tu. Mama apate dakika tano za furaha."

"Na baada ya dakika tano?"

Nilishuka. Nilisimama pale ambapo baba alikuwa akisimama. Uongo nilikuwa nao tayari, nimeubeba maisha yangu yote, umenyooka na kung'aa. Nilifungua mdomo. Nilimsikia baba akisema usiitie chumvi. Nikaufunga. Nikarudi garini, tukashuka kimya, hata honi hatukupiga.

Nilitarajia vilio vitupokee. Hilo ndilo nililojiandaa nalo njia nzima. Badala yake tuliingia uwanjani kwenye kimya kama tulichokuja nacho. Wanawake walikuwa wamesimama, kanga zimefungwa viunoni, mikono vichwani, vinywa viko tayari. Na mama, ameketi mkekani mlangoni, simu yake ya kitochi mapajani, ameinua mkono mmoja juu kuwazuia.

"Nyamazeni," alikuwa anasema. "Nyamazeni, ninyi hamjasoma. Kuna saa ya kimya. Mwanangu ameiona kwa macho yake. Wanakuwa kimya, kisha sauti inarudi."

"Wifi," akasema shangazi, dada yake baba, "gari halijapiga hata honi."

"Muda haujaisha!" mama akasema. Akaniona nimeshuka. Hakunitazama usoni, alitazama kioo cha kitochi. "Sauti yenu nilisikia mwisho saa saba. Sasa ni saa tisa kasoro robo. Ulisema hata saa mbili. Si ulisema?"

Nilipiga magoti mbele yake. Nilisema, "Mama, ni dakika sita."

"Nini?"

"Kile kimya. Ni dakika sita. Zile nyingine nilikuongezea."

Mkono wake ulikuwa bado juu. Nikaushika, nikaushusha mapajani kwake.

"Hapumui, mama," nikasema.

Hiyo ni sentensi fupi kuliko zote nilizowahi kusema pale nyumbani. Mama aliisikiliza mpaka mwisho kama alivyosikiliza hadithi zangu zote. Sikuona kama ananilaumu. Alikuwa anatafuta kilichobaki.

"Hakupiga ukelele," akasema, nusu akiniuliza.

"Alipiga."

Akanitazama sasa.

"Siongezi, mama. Alipiga. Tulimshusha upande wa huku wa daraja, alivua viatu, akakanyaga chini. Akasema ameisikia ardhi ya kwetu. Kisha akapiga. Haikufika mbali. Mbuzi walikuwa hapo mtaroni na hawakushtuka. Lakini alipiga, dereva huyu alisikia."

"Alipiga, mama," dereva akasema, kofia mkononi.

"Alisemaje?"

"Anapumua," nikasema.

Mama alishika ukuta. Shangazi alitaka kumsaidia, akakataa. Alisimama kwa magoti yale mabovu, akatembea uwanjani, hatua kumi na mbili, nilizihesabu na ni kumi na mbili, mpaka kwenye mlango wa gari. Akamtazama baba kwenye mito yake, na koti la kanisani, na viatu. Alimfunga kifungo kimoja cha koti kilichokuwa kimefunguka. Kisha akainua uso, hakututazama sisi, akatazama ule mgongo wa kilima tulikotoka, na kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayejibu aliyeitwa kitambo, akasema:

"Mleteni."

Hapo ndipo wanawake walipolia.

Machela ya baba ilikuwa bado inaning'inia chini ya mapaa, mianzi yake imekuwa myekundu kwa moshi na miaka. Tukaishusha. Walikuwepo wazee wawili wa kundi lake la zamani, wakashika mbele na mimi na shemeji wa jirani tukashika nyuma. Kutoka garini mpaka mlangoni ni hatua zile kumi na mbili, na uwanja wetu ni tambarare, hauna mteremko wowote. Lakini mwenzangu yule, aliyefeli fizikia mara mbili, aliiona kamba inaburuzika nyuma ya machela. Akaiokota, akajizungushia mkononi, akavuta kinyume mpaka tulipofika ndani.